Injini Ichemkapo Mlimani: Wajibu wa Dereva na Wajibu wa Chama

Lori la chama liendapo safari ndefu hubeba zaidi ya magunia yaonekanayo chini ya turubai. Hubeba mavuno ya msimu mzima, au pembejeo za msimu ujao. Hubeba deni ambalo wanachama wamekwisha kulitia sahihi, na hubeba maisha ya dereva na utingo wake. Kwa hiyo hitilafu itokeayo njiani, mbali na gereji na mbali na ofisi ya chama, si jambo la dereva peke yake. Ni jambo la chama, na aghalabu uzito wake huwa umekwisha kuamuliwa kabla lori halijaondoka.

Miongoni mwa hitilafu za safarini, kuchemka kwa injini kwastahili kuelezwa mbele ya nyingine kwa sababu mbili. Kwanza, ni hitilafu itoayo onyo mapema. Pili, onyo hilo likidharauliwa kwa dakika chache tu, hasara huwa kubwa mara nyingi kuliko chanzo chake.

Na ichukuliwe mfano wa lori la tani 10, lililopakia mifuko 200 ya mbolea ya kilo 50 kila mmoja, likitoka Dar es Salaam kwenda Njombe mwishoni mwa mwezi wa Oktoba. Mvua za kupandia zakaribia, na wanachama wameambiwa waje ghalani kesho asubuhi. Lori lapita Morogoro na Mikumi bila shida. Lafuata bonde la Mto Ruaha Mkuu, lapita Ruaha Mbuyuni, kisha laanza kupanda Mlima Kitonga, kona baada ya kona, kuelekea Ilula na Iringa. Hapo sindano ya geji ya joto yaanza kupanda pamoja na lori. Dereva aiangalia sindano, aangalia mlima, akumbuka maneno ya katibu kwamba asichelewe. Moyoni ajiambia: "Zimebaki kona mbili tu."

Kona hizo mbili ndizo zilizoua injini nyingi. Ni vema kila katibu na kila mwanachama aelewe kwa nini.

MLIMA HAULETI HITILAFU, HUIFICHUA

Mafuta yanapoungua ndani ya injini, si joto lote ligeukalo kuwa nguvu ya kusukuma gari. Kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja ya joto hilo hufanya kazi, theluthi moja hutoka na moshi, na theluthi iliyobaki hubaki katika chuma. Joto hilo la chuma ndilo linaloondolewa na maji. Pampu huyasukuma maji yaizunguke injini, yakapokee joto, kisha yapite katika rejeta ambako hewa ya feni na upepo wa mwendo huyapoza. Baadaye maji yaleyale hurudi kuanza safari yake upya. Injini nzima hukaa salama maji yanapokuwa na joto la nyuzi 80 hadi 95 hivi za Selsiasi.

Katika tambarare mambo haya huenda kwa urahisi. Lori hukimbia, upepo mwingi hupita katika rejeta, na injini haitumii nguvu zake zote. Mlimani hali hugeuka. Injini huunguza mafuta mengi kuliko wakati wowote, lakini lori latambaa, na upepo wa mwendo karibu haupo. Hapo ndipo mkanda wa feni uliolegea, rejeta iliyoziba nusu, au mpira wa maji uliochakaa huonekana. Hitilafu hizo zilikuwapo tangu Dar es Salaam, na pengine tangu wiki iliyotangulia. Mlima haukuzileta, bali umezifichua.

Barabara hiyo yenyewe ina historia ya kufundisha. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru mwezi wa Novemba 1965, malori mengi yalipita humo yakiipelekea Zambia mafuta, na wakati huo njia ilikuwa ya vumbi na tope. Lami ilipotandazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 safari ikawa nyepesi. Hata hivyo lami iliondoa tope tu, na mlima umebaki palepale.

DALILI NA MAANA YAKE

Dereva mwangalifu haisubiri sindano ifike penye rangi nyekundu. Huijua mahali inapokaa siku zote, na ikivuka hapo hushuka gia mapema, kwa kuwa gia ndogo huizungusha injini upesi zaidi, na feni na pampu huzunguka upesi pamoja nayo. Sindano ikizidi kupanda juu ya hayo, yampasa atafute mahali pa kusimama.

Ipo dalili moja iliyowadanganya wengi. Sindano hupanda sana, kisha ghafla hushuka huku lori likiendelea kupanda mlima. Dereva hufurahi akidhani injini imepoa. Huenda maana yake ni kinyume kabisa: maji yamekwisha kumwagika, na kifaa cha kupimia joto sasa kimebaki hewani badala ya kuwa ndani ya maji. Injini yaungua, na geji imenyamaza. Katika hali hiyo hapana budi injini izimwe mara moja.

Kadhalika taa nyekundu ya betri ikiwaka ghafla pamoja na joto kupanda, katika magari mengi ni alama kwamba mkanda umekatika, kwa maana mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji na jenereta ya kuchaji betri.

DAKIKA KUMI ZA KWANZA

Faida kubwa ya kusimama mapema ni kwamba dereva bado ana uwezo wa kuchagua mahali. Anayengoja hadi injini ikwame husimamishwa na gari, na gari halichagui: laweza kukwama katikati ya kona, usiku, mahali ambapo basi la abiria litatokea bila kuliona. Mambo ya kufanya ni haya, kwa mfuatano wake:

(a) Dereva awashe taa za tahadhari, atoke barabarani kadiri nafasi iruhusuvyo, na asimame mahali panapoonekana kutoka mbali, kamwe si ndani ya kona.

(b) Avute breki ya mkono. Utingo ashuke upesi na kuweka vipande vya gogo nyuma ya magurudumu ya nyuma, kwa kuwa lori lenye tani 10 juu ya mteremko halipaswi kutegemea breki peke yake.

(c) Ikiwa mvuke watoka, maji yamwagika, au mkanda umekatika, injini izimwe papo hapo. Ikiwa joto limepanda tu lakini maji yamo na feni yazunguka, injini iachwe ingurume polepole kwa dakika moja au mbili, gia zikiwa huru, ili maji yaendelee kuzunguka na kupoa. Sindano isiposhuka, izimwe.

(d) Pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe mbele na nyuma ya lori, umbali wa hatua 50 au zaidi. Penye kona, pembetatu iwekwe kabla ya kona, ili ajaye aione kabla hajaliona lori. Matawi ya miti, ambayo ni desturi ya barabara zetu, yaongezwe kwa msaada, lakini yasichukue nafasi ya pembetatu.

(e) Watu wote wakae kando ya barabara, wala asilale mtu chini ya lori.

(f) Mtu yeyote asiguse kifuniko cha rejeta kwa muda wa nusu saa angalau.

Jambo hili la mwisho lataka maelezo. Kifuniko cha rejeta si kizibo tu. Kazi yake ni kuyabana maji ili yasichemke upesi. Katika chombo kilicho wazi maji huchemka kwa nyuzi 100 kando ya bahari, na katika nyanda za juu kama Iringa huchemka kabla ya hapo, kwa nyuzi 95 hivi. Yakibanwa na kifuniko kizima, yaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa ghafla, mbano huondoka na maji hayo hugeuka mvuke mara moja, yakaruka usoni mwa aliyefungua. Wako mautingo waliopoteza ngozi ya uso na mikono kwa sababu ya kuharakisha dakika 20.

Injini ikishapoa, kifuniko kifunikwe kwa kitambaa kizito, uso ugeuzwe kando, na kifunguliwe kidogo kwanza hadi sauti ya mvuke iishe. Maji yaongezwe kidogo kidogo huku injini ikinguruma polepole. Kumimina maji baridi ndani ya injini yenye moto mkali ni kama kumimina maji juu ya chungu kilichotoka jikoni sasa hivi: chuma hunywea upande mmoja na kupasuka.

KUTAFUTA CHANZO

Kuongeza maji si kutengeneza. Maji ya kupozea hayanywewi na injini, huzunguka tu. Yakipungua, yametoka mahali, na mahali hapo hapana budi pajulikane kabla ya safari kuendelea. Uchunguzi uanze kwa yaliyo rahisi:

1. Mkanda wa feni. Ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya urefu wake, usibonyee zaidi ya sentimita moja na nusu hivi. Ukibonyea sana umelegea, na kuukaza ni kazi ya spana mbili tu. Ukiwa na nyufa au nyuzi zilizochomoza, ubadilishwe palepale.

2. Mipira ya maji na klipu zake. Alama ya unyevu au ukoko mweupe huonyesha panapovuja. Klipu iliyolegea hukazwa kwa bisibisi.

3. Uso wa rejeta. Lori la chama hupita mashambani na maghalani. Mbegu za nyasi, makapi, wadudu na tope huziba matundu ya hewa, na rejeta iliyoziba hivyo haipozi hata ikijaa maji. Isafishwe kwa brashi laini au kwa maji, kutoka upande wa injini kuelekea nje.

4. Magurudumu. Gurudumu moja likiwa na joto kali kuliko mengine, huenda breki yake imeshika, na injini ilikuwa ikilivuta lori dhidi ya breki yake yenyewe. Mkono usogezwe karibu tu, usigusishwe.

5. Oili. Kijiti cha kupimia kichomolewe na kutazamwa. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji, na hiyo ni habari mbaya kuliko zote zilizotajwa.

Thamostati na pampu ya maji ni mambo ya fundi. Si kazi ya kubahatisha kando ya njia.

KUENDELEA AU KUBAKI

Baada ya uchunguzi dereva hukabiliwa na uamuzi wa aina tatu.

Wa kwanza ni kuendelea na safari. Huu wafaa iwapo chanzo kimeonekana na kimeondolewa kabisa, mathalani mkanda umebadilishwa na maji yamejazwa. Hata hivyo dereva asimame baada ya kilomita chache na kutazama tena.

Wa pili ni kwenda hadi gereji iliyo karibu tu. Mpira wa maji uliopasuka waweza kufungwa kwa ukanda uliokatwa katika tyubu kuukuu ya gurudumu, ukavutwa kwa nguvu, ukazungushwa mara nyingi na kukazwa kwa waya. Baadhi ya mafundi hulegeza pia kifuniko cha rejeta ili mbano upungue na kiraka kisiachie. Afanyaye hivyo akumbuke kwamba maji yatachemka upesi zaidi, kwa hiyo aende polepole na kusimama mara kwa mara. Kiraka hiki ni cha kufika kwa fundi, si cha kufika Njombe.

Wa tatu ni kubaki. Oili ikiwa na maji, mapovu yakipanda katika rejeta bila kukoma injini ingurumapo, moshi mweupe ukitoka kwa wingi hata baada ya injini kupata joto, au injini ikigonga, gari lisiwashwe tena. Dalili hizo zaonyesha kwamba gasketi ya kichwa cha silinda imeungua, au kichwa chenyewe kimepinda au kupasuka, au injini imekwisha kuumia ndani. Kila kilomita itakayoongezwa yaongeza gharama. Gari livutwe, na mzigo uhamishwe.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkanda wa feni hununuliwa kwa fedha ya masurufu. Injini mpya huhitaji mkutano mkuu.

ULINZI WA MZIGO NA WATU

Lori lililosimama huvuta watu. Wengi huja kusaidia, na wachache huja kwa jambo jingine. Dereva na utingo wasiondoke wote wawili kwa wakati mmoja. Ikiwa lori limekwama ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambamo barabara hupita kwa kilomita 50 hivi, wabaki ndani ya gari au karibu nalo kabisa, maana simba na tembo hawatambui hitilafu za magari.

Mbolea ifunikwe vizuri kwa turubai, kwa kuwa nyingi hunyonya unyevu na kugandamana. Aidha mbolea zenye naitreti ya amonia huuchochea moto. Basi jiko la kupikia lisiwashwe chini ya lori wala karibu nalo, na dizeli isimwagike juu ya mifuko.

Mafuta yakivuja, watu wafukuzwe bila kuoneana haya. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Morogoro, watu wakakusanyika kuyachota, moto ukalipuka na kuua watu zaidi ya 100. Dereva anayekataza ndoo kusogea hamnyimi mtu riziki. Amwokolea uhai wake.

Mzigo ukihamishiwa lori jingine, mifuko ihesabiwe kwa sauti inaposhuka na inapopanda, namba za gari la pili ziandikwe, na hati isainiwe na madereva wote wawili. Mfuko mmoja usioandikwa leo utakuwa ugomvi katika mkutano wa wanachama kesho.

Na lori liondokapo, mawe na matawi yote yaliyowekwa barabarani yaondolewe. Jiwe lililozuia gurudumu mchana ndilo linalopindua pikipiki usiku. Chama kinachojivunia utu hakiachi mtego nyuma yake.

WAJIBU WA KATIBU NA KAMATI

Mengi yaliyoelezwa hapo juu hayawezekani ikiwa ofisi haikutimiza sehemu yake. Kabla ya safari ndefu katibu na ahakikishe mambo yafuatayo:

(a) Daftari la gari liwe na safu ya maji yaliyoongezwa. Lori linaloongezwa maji kila asubuhi lina mahali linapovuja, na daftari litasema hivyo wiki nzima kabla ya mlima kusema.

(b) Sanduku la gari liwe na mkanda wa akiba wa kipimo sahihi, klipu na mpira wa maji, spana, bisibisi, koleo, waya, vipande vya tyubu, tochi, pembetatu mbili, magogo ya magurudumu, na madumu mawili ya maji ya lita 20, mbali na maji ya kunywa. Vitu hivi vihesabiwe kwa orodha wakati wa kuondoka na wakati wa kurudi.

(c) Dereva apewe masurufu ya dharura yenye kiwango kilichopitishwa na kamati, pamoja na namba za simu za watu wawili wenye mamlaka ya kuamua. Dereva anayelazimika kungoja kikao ili anunue klipu hataingoja. Ataondoka na gari bovu.

(d) Mzigo usizidi uwezo wa gari. Tani moja ya ziada, ambayo yaonekana kuwa faida ghalani, hulipwa na injini mlimani.

(e) Wanachama wasiahidiwe saa ya kupokea pembejeo kana kwamba barabara haina mambo yake. Safari ya siku moja itangaziwe siku mbili.

Liko jambo la sita ambalo haliandikwi katika orodha yoyote, nalo lapita yote. Dereva ajue hakika kwamba akisimama kwa sababu ya kuokoa gari, chama kitakuwa upande wake. Katika vyama vingi dereva achelewaye huulizwa maswali mbele ya watu, naye aliyefika kwa wakati na injini iliyoungua nusu husifiwa, kwa kuwa uharibifu wake hautaonekana hadi mwezi ujao. Chama cha namna hiyo chamfundisha dereva wake kuficha. Maswali yafaayo kuulizwa ni kwa nini mkanda ulilegea, nani aliukagua mara ya mwisho, na daftari lilisema nini.

Katika mfano uliotolewa, dereva alisimama kabla ya zile kona mbili. Mkanda ulikutwa umelegea na kupasuka pembeni. Walingoja dakika 40, wakauweka wa akiba, wakajaza maji, wakaokota mawe yao na kuendelea. Mbolea ilifika Njombe siku iliyofuata alasiri badala ya asubuhi, mifuko yote 200 ikiwa kavu. Wanachama walinung'unika kwa kungoja kutwa, na haki ya kunung'unika wanayo. Kazi ya katibu siku ile ni kusimama mbele yao na kuwaambia wazi kwamba gari limechelewa kwa sababu dereva alilitunza, na kwamba msimu ujao gari hilohilo litaleta mbolea yao tena.